Mahame ya Namatuli

Kilima cha Namatuli,
Kijiji cha Nang'ande,
Wilaya ya Kilwa.
16 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Ibrahimu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitamka, marahaba. Habari za huko kijijini kwenu Lhotka? Mkeo, wifi yangu Jana, hajambo? Na binti yenu Elishka, kile kifua kilichomsumbua wakati wa theluji kimepona? Sisi huku tunapumua, alhamdulillah. Mama ni mzima. Nalitanguliza hilo ili usiisome barua hii mbiombio ukitafuta habari mbaya.

Najua umepiga simu mpaka umechoka. Mnara uliangushwa na upepo wa kimbunga, Jumamosi ya tarehe nne, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuutazama. Barabara imekatika pande zote. Barua hii ataibeba Rosalia, muuguzi wa zahanati yetu, anayevuka kesho asubuhi kwa mtumbwi kwenda kutafuta dawa. Akifika penye mtandao ataipiga picha akutumie.

Ujumbe wako wa mwisho ulinikuta nafua. Ulisema Elishka ametakiwa shuleni aeleze kijiji cha baba yake: kiko wapi, kilianza lini, walikianzisha akina nani. Ukanieleza na cha kwenu. Watu mia mbili na kitu, bwawa la samaki lililochimbwa na watawa zamani za kale, kanisa la mawe, na zile nyumba za mtaa wa juu ambazo wenyewe walikuwa wakisema Kijerumani, wakaondolewa baada ya vita na mizigo ya kubeba mkononi, wakaletwa watu wengine kukaa. Nikacheka peke yangu. Nikasema, Ibrahimu ana kila kitu na tarehe yake, sisi mtoto tutamwambia nini? Sasa ninayo ya kumwambia, na mengine hata wewe hukuyajua.

Unakumbuka kijiji kilivyokaa. Mashariki mto Nang'ande, magharibi kijito cha Mbaju, na vyote vinakutana kusini kwenye mashamba ya mpunga. Sisi tuko katikati, kwenye bapa, pale tambarare. Njia ya gari inavuka mto. Njia ya miguu inapanda kaskazini mpaka Namatuli, kwenye ile mikorosho iliyozeeka, ambako utotoni tulichapwa tukienda kuokota kuni. Tuliambiwa kuna nyoka.

Mababu walihamia huko juu wakati wa Maji Maji, wakiwakimbia Wajerumani, wakakaa miaka karibu sabini na maji hayakuwafikia hata siku moja. Mwaka 1974 yakaja malori ya Operesheni Vijiji, wakashushwa kwenye bapa ili wawe karibu na barabara na shule. Hayo tulifundishwa darasani. Nyumbani marehemu baba hakuyasema, na mama ulikuwa ukimuuliza anaondoka kwenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa.

Basi Jumapili, mnamo saa nne asubuhi, mto ulivunja kingo. Nikasikia kelele upande wa mashariki, nikatoka, nikaona mbuzi wa jirani wanaogelea. Nikakimbilia magharibi, nako Mbaju umefika kwenye ukuta wa msikiti. Kusini hakuna cha kutazama, ilikuwa bahari. Pazi, mwenyekiti wetu, akapita akipiga debe na kupaza sauti, "Namatuli! Wote Namatuli! Acheni vitu!"

Watu wakapanda. Mimi nikaingia ndani kumchukua mama, nikamkuta amekaa kitandani, amejifunga kanga mbili, na tasbihi mkononi. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Twende mama, tunapanda kilimani."

"Nenda wewe. Mimi huko sirudi."

Nilidhani haelewi. Nikamshika mkono, akauchomoa kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nikamsihi, nikalia, nikamgombeza, Mungu anisamehe, kama mtoto. Maji yakapanda yakafika magotini. Nikiondoka, namwacha afe. Nikibaki, tunakufa wawili. Mlango wa nyuma ulikuwa umekwisha kuzibwa na kitanda cha kamba kilichosombwa kutoka uani. Ibrahimu, sijapata kubanwa namna ile tangu nizaliwe.

Pazi akaingia. "Bi Kazija, kuna nini?"

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi, akasema polepole, "Nina mtoto kule."

Nikamuuliza mtoto gani.

"Kaka yenu. Likwata. Alikuwa na miezi saba. Alikufa kwa degedege, tukamzika nyuma ya nyumba. Siku ya nne yakaja malori. Nikawaomba wale mgambo waniache nimalize arobaini tu, nitashuka mwenyewe kwa miguu. Mmoja akawasha kiberiti akakitia kwenye paa. Baba yenu akanibeba mpaka kwenye lori. Nilimwambia mtoto nitarudi kumsomea hitima yake. Kwanza tulikatazwa kupanda. Halafu ruhusa ikaja, nami nikaona haya. Mwaka ukapita, miaka hamsini ikapita. Leo nimwendee kwa kuwa nakimbia maji? Si kwa ajili yake?"

 Maji yalikuwa yameushika ukingo wa kitanda. Mwisho nikamwambia, "Mama, mtoto wa miezi saba hamwulizi mama yake kilichomleta."

 Pazi akageuka, akachuchumaa ndani ya maji, akampa mgongo. Mama akaweka tasbihi kifuani akaushika mgongo ule. Hatukuchukua kitu kingine. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza nikageuka, nikaona paa la nyumba yetu likiinama, likaingia majini bila hata kishindo.

Kule juu tulikuwa watu zaidi ya mia na themanini, tumejazana kwenye mahame ya mababu zetu, katikati ya miti. Hata alama ya nyumba haikuonekana. Tulikula korosho kuukuu tulizookota tukazichoma, na mihogo iliyosazwa na nguruwe pori. Na mama, yule aliyekuwa anashindwa kutembea mpaka msikitini, akaokota fimbo akaanza kuzunguka. Anawaambia watu, "Hebu sogeeni." Anachokora majani, anaenda, anarudi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba hofu imemharibu akili. Siku ya tatu akaniita. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga matatu, meusi kwa moshi, yameshikwa na mizizi. "Jiko langu hili," akasema.

Nyuma ya mafiga tulikuta mawe ya makaburi. Yapo sita au saba, madogo kwa makubwa, mengine yamezama. Hakujua lipi ni la Likwata. Alihangaika akiyagusa moja moja, akakata tamaa, akakaa chini. Siku ya Alhamisi Pazi akasoma hitima kwa wote waliolala pale. Badala ya pilau watu walikunywa uji usio na sukari. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mwambie Elishka aandike kwamba kijiji cha baba yake ni viwili, cha juu na cha chini, na kwamba bibi yake amezaa watoto watatu.

Sasa nikueleze nilivyo. Maji yamepungua, watu wameanza kushuka kukwangua tope na kujenga upya mahali palepale. Mama hataki kushuka. Amejengewa kibanda cha makuti karibu na mafiga yake. Na mimi, unajua, nilikuwa nihamie Lindi tarehe kumi. Amiri amekwisha kupanga nyumba Mtanda, na fremu ya kushonea nguo. Miaka kumi na moja mume wangu yuko mjini nami niko hapa, na safari hii nilikuwa nimekwisha kushusha hata mapazia. Sijui kama anajua niko hai.

Siku ya jana Rosalia aliniambia kuwa ana nafasi ya mtu mmoja kwenye mtumbwi. Mama akasikia. Akasema, "Nenda kwa mumeo, Adija. Mimi nimefika." Nikafunga kanga zangu za kuazima. Nikazifungua. Leo asubuhi nikazifunga tena, nikateremka mpaka mtoni, nikamwona Rosalia anakausha mtumbwi, nikasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Nimemwambia amchukue mjamzito wa kwa Pazi.

Usidhani nimekaa kwa wema, mdogo wangu. Nina hasira na mto, na malori, na baba aliyenyamaza, na wewe pia, uliye mbali kwenye mabwawa yenye tarehe. Lakini mama aliwahi kulazimishwa kumwacha mtu hapa, na mimi sitamwacha yeye hapahapa kwa hiari yangu. Njia ikifunguka, ukaweza kuja, njoo. Usitume kitu. Njoo wewe, ukae naye, ili nami nipate kuondoka.

Mpigie Amiri umweleze yote. Msalimie wifi Jana, mbusu Elishka mashavu yote mawili. Pazi na Rosalia wanakusalimu. Mama anasema hana neno la kuandikiwa. Ila ameinua mikono nilipokutaja, nami nikaitikia amina. Mola akulinde na baridi ya huko, akuoneshe njia ya huku.

Mimi dada yako akupendaye, hata nikiwa na hasira,

Adija