Plasta Kwenye Jicho la Kishikwambi

Jumatano. Mvua toka alfajiri, na kutoka dirishani kwa shangazi hapa Kasingirima ziwa halionekani kabisa. Nimerudi kutoka wodini nimelowa, sijala, na kuna jambo lazima niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Sikiamini kishikwambi changu.

Chuo kilitugawia mwanzoni mwa muhula, kila mwanafunzi wa uuguzi na chake. Masomo yamo humo, majaribio humo, na tukiwa wodini tunajaza humo kila tulichompima mgonjwa, mwalimu anaona akiwa ofisini kwake. Wenzangu wamefurahi. Mimi najiuliza anaona nini kingine. Anaona nilipo? Anaona ninachosoma nikiwa nyumbani? Nimebandika plasta kwenye kamera zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Halima, ninayefanya naye mazoezi wodi ya watoto, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shosti, kishikwambi chako kina vidonda?"

Mimi si mtu wa kujibu. Chuoni wanadhani kwetu ni Kalinzi, kijiji cha upande huu wa mpaka, na naongea kidogo ili wasisikie Kirundi kwenye ulimi wangu. Vibali vyangu viko sawa, sijaghushi kitu. Ila nilivuka mpaka nikiwa darasa la nne, nikaishi kambi ya wakimbizi miaka miwili, na sitaki kutazamwa wanavyotazamwa watu wa kambini.

Leo asubuhi gari lilimleta mama mmoja kutoka kambini na mtoto wa miezi minane, anakohoa. Sista Monika, muuguzi wa zamu, akanituma nikahesabu pumzi. Kazi yenyewe si ngumu. Unamfunua mtoto kifua, unashika kishikwambi hapo juu yake ili uone dakika ikienda, macho kifuani, kisha unaandika namba.

Sasa mtazame mtu anayefanya hivyo ukiwa wewe ndiye mama uliyekaa kitandani. Anampiga mwanao picha.

Mama akamfunika mtoto kwa kitenge. "Picha hapana," akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Ningeweza kumweleza kwa maneno machache tu ya kwetu. Lakini Halima alikuwa kitanda cha jirani, naye ni Muha wa kuzaliwa, lugha yao inakaribiana na yetu, angenijua kwa neno la kwanza. Nikasimama pale kama mlingoti. Dakika ikaisha, kishikwambi kikawa kinasubiri namba.

Nikaandika arobaini na mbili.

Niliibuni.

Kikageuka kijani, maana yake mtoto hana shida. Kitu ninachokituhumu kunichungulia kila saa hakikuona hata kidogo kwamba nadanganya.

Nilikwenda kunywa chai, ikanishinda. Kambini niliwahi kupigwa picha nikilamba sahani ya uji. Mama yangu alinivuta, akawa amechelewa. Mpaka leo sijui picha ile iko kwa nani.

Nikarudi. Nikachuchumaa kando ya kitanda, nikamsalimia kwa lugha ya kwetu. "Amahoro, mama."

Akanigeukia haraka, kama niliyemwita kwa jina. Nikamwambia kwa Kirundi kwamba sipigi picha, nahesabu pumzi. Hakuniamini. Na mimi nisingeamini. Basi nikakigeuza kishikwambi, nikamwonyesha plasta ya mbele, nikamwonyesha na ya nyuma.

Akaigusa kwa kidole. "Na wewe unakiogopa?"

"Nakiogopa."

Akaguna, karibu acheke, akakichukua akakishika mwenyewe, mbali na mwili, kama mtu aliyeshikishwa kuku wa jirani. Kisha akamfunua mtoto. Nikahesabu kimoyomoyo kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha niliyofundishwa kuhesabia shuleni. Hamsini na nane. Kwa umri wake hamsini tu ni hatari. Na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inazama kila akivuta hewa.

Nilimwambia Sista Monika yote, pamoja na ile namba ya kubuni. Akaja, akahesabu kwa saa yake ya kifuani, akamwita daktari. Mtoto akachomwa sindano ya kwanza, akawekewa oksijeni. Ndipo Sista akanigeukia.

"Kwa nini ulibuni?"

Nikakifungua kishikwambi, nikatafuta pa kuifuta ile namba.

"Kesho, kabla ya kupokezana zamu, utatuambia wote," akasema. "Sikuaibishi. Nataka kujua mko wangapi mnaofanya hivyo."

Tulipokuwa tunavua makoti, Halima aliniuliza taratibu, "Kalinzi gani hiyo, mwenzangu?" Sijui alikuwa ananitania au ananichunguza. Na kama ananichunguza, atampelekea nani?

Namba ya kijani haifutiki, nimejaribu. Imekaa juu ya ile ya kweli, na jina langu pembeni. Nikitaka kuieleza kesho, lazima niseme kwa nini nilinyamaza, na siwezi kusema kwa nini nilinyamaza bila kusema ninatoka wapi. Mbele ya watu wote wale. Mimi, ambaye hata shikamoo yangu haisikiki.

Wakati naondoka, yule mama aliniuliza kwetu ni kilima gani, ndivyo watu wa kwetu wanavyoulizana wanakotoka. Nilijifanya nimeitwa.

Plasta siibandui. Ila kesho nitafika mapema, nihesabu pumzi za mtoto, kisha nimjibu mama yake kwanza, kwa sauti ya kawaida. Wodi ikisikia, imesikia.