Sungura Wako na Nyasi za Msiba

Koku, mdogo wangu,

Sungura wako amefika. Byera, mfuga sungura wa Kemondo, alimleta siku chache baada ya sisi kurudi kutoka kukuzika Muleba. Hakuwa amesikia. Alisimama mlangoni na boksi la sabuni lililotobolewa matundu, akaona nyasi za msiba, zile za kukalia waombolezaji, bado zimetandazwa sebuleni, akavua kofia.

"Nimechelewa," akasema.

Nilipokea boksi kwa mikono miwili.

Hukuniambia kwamba umeagiza sungura. Yeye ndiye aliyenieleza: ulitaka jike la kijivu, mpole, wa kukaa ndani na si wa kupika. Ulimwambia ni wa dada yako, kwa sababu dada yako amezunguka nchi nzima na hana kitu kinachomngoja nyumbani. Koku. Kumbe ulijua unaondoka. Ulijua, na ukaendelea kunimenyea ndizi kana kwamba tuna muda.

Majirani walikuja kuzifagia zile nyasi, kama desturi ilivyo. Niliwaachia sebule nzima isipokuwa pembe ya dirishani, pale jeneza lako lilipowekwa kabla ya safari ya Muleba. Niliomba hapo pasiguswe, na Ma Paskazia, ambaye hubishana hata na padre, hakubisha. Nyasi zikakauka, zikawa na rangi ya chai. Kila asubuhi nilikaa kitini nikazitazama. Na sungura wako, katika sakafu yote aliyopewa, akachagua hapohapo pa kujisaidia.

Nilimwekea beseni lenye maranda ya seremala. Alilipita kama mlokole anavyokipita kilabu cha pombe ya rubisi. Nilimbeba nikamtia humo. Akaruka, akarudi kwenye nyasi zako, akakojoa huku ananitazama. Nikalia. Miaka yote ile ya kuhamishwa kikazi, Tabora, Songea, Mtwara, nyumba za serikali nilizoziacha kila mara zilipoanza kuwa na harufu yangu, sikuwahi kulilia sakafu.

Ma Paskazia alinikuta hivyo, kitambaa mkononi.

"Waitu, mwenzangu, tangu lini mboga ikamliza mpishi?"

Ungecheka. Mimi pia nilicheka, kidogo, halafu nikashindwa kuacha kulia.

Nilimpigia Byera simu. Akanieleza taratibu kwamba nisimpige wala nisimfukuze; sungura si mkaidi, hufuata harufu yake. Nichukue nyasi alizolowesha, niziweke ndani ya beseni, beseni lenyewe nilitie pembe ileile, na sakafu niipanguse kwa maji ya siki. Na nikae chini, kwani sungura humwogopa mtu anayemjia kutoka juu.

Nyasi alizolowesha, Koku, ndizo zilezile. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaacha siku zipite. Sebule ikanuka hadi Ma Paskazia akaanza kuzungumza nami akiwa nje ya dirisha.

Wakati wa msiba walinipa kiti kwa sababu ya magoti yangu. Wanawake wote walikaa chini, wamekuzunguka, wanajua wimbo gani unafuata gani. Mimi nilikuwa juu yao kama mgeni rasmi. Ndivyo ilivyo ukikaa mbali mno: unakuwa mgeni hata kwenye msiba wa mdogo wako.

Basi asubuhi moja, baada ya mvua, nilishika meza nikashuka. Nikazikusanya nyasi kwa mikono. Nilitegemea harufu ya nyasi, au labda yako. Zilinuka mkojo wa sungura tu. Nikazitia zote ndani ya beseni, mpaka unyasi wa mwisho.

Kuinuka nikashindwa. Nikabaki pale, mgongo ukutani, pale pale ulipokuwa. Sungura akaja. Alininusa vidole vya miguu, akanusa pindo la kitenge chako ninachovaa sasa, akasaga meno polepole, jambo ambalo Byera anasema ndilo furaha yao. Halafu akajibwaga ubavu, akaegemea paja langu. Alikuwa na joto, Koku. Sikuwa nimeguswa na kitu chenye joto tangu uache kunishika mkono. Baadaye alisimama, akaingia ndani ya beseni mwenyewe.

Sasa hakosei, ila siku za radi. Jina bado hana. Kila nikijaribu moja, nasubiri wewe ulikatae.

Zile nyasi, pamoja na samadi yake, nilizipeleka Muleba. Nikazimwaga kibanjani, shambani kwetu, kwenye shina la mgomba ulio kichwani pa kaburi lako. Kwa hiyo unazo.

Kila Krismasi ulikata nyasi mbichi alfajiri, ukazitandaza sebuleni kama mama alivyokuwa akifanya, nami nimekaa na kitabu changu. "Nyanyua miguu, Dada," ulikuwa ukisema, nami nanyanyua bila kuacha kusoma.

Mwaka huu nitazikata mimi. Nitatandaza mpaka pembe ya dirishani. Sungura wako akizikojolea, nitatandaza nyingine, nakuahidi.

Lala, mdogo wangu. Hakutakuwa na wa kuniambia ninyanyue miguu. Nitakuwa nimekaa chini.

Dada yako,
nyumbani, Rwamishenye