Kemi Amevaa Maua ya Kahawa

Ma Domi,

Shikamoo. Nakuachia nafasi ya kuitikia, kisha naendelea, maana najua usingependa nianze na machozi. Ulikuwa ukisema machozi yanaacha alama kwenye satini, na alama hiyo haitoki hata ufue vipi.

Hatujambo. Chumba cha mbele bado ni chumba cha maua. Meza yako ipo palepale dirishani, koleo zako zinaning'inia kwenye misumari, na mabaki ya vitambaa yamejaa mpaka chini ya kitanda changu. Shemeji yako Fidelis bado anagombana na mbuzi wa jirani kila asubuhi, na mbuzi bado wanashinda. Kijiji chetu cha Kanoni ni kilekile. Wateja wakija wanauliza, "Ma Domi yupo?" kwa mazoea, halafu wanashika mdomo. Mimi nawaambia, "Hayupo, ila mikono yake aliniachia mimi." Najisifu, ndiyo. Nani atanikataza sasa?

Lakini nikuambie lililotokea, maana utacheka.

Siku tuliyokuzika, wanawake walipomaliza kukuvisha lile gauni lako la zambarau, niliona kifua kiko kitupu. Nikasema haiwezekani. Mwanamke aliyeenda hata kupalilia akiwa na ua kwenye kola, leo aende bila ua? Nikafungua kabati la kioo, nikatoa ua la kahawa la kitambaa, lile la maonyesho, nikakufungia kifuani kwa pini. Ulipendeza kupita kiasi. Nilijisikia nimefanya jambo kubwa, nikarudi nyuma kidogo kukutazama, nikalisogeza upande kama ulivyozoea kufanya wewe.

Mwezi wa sita binti yako Kemi alikuja kutoka Nyakatuntu anakofundisha. Akaingia na ile miguu yake ya haraka, akakaa kwenye kiti chako bila kuomba ruhusa, akaniambia amechumbiwa na kijana wa Mabira na harusi itakuwa baada ya likizo. Nikapiga vigelegele hadi Fidelis akakimbia kutoka kibanjani, kwenye mibuni yake, akidhani ni nyoka. Kisha Kemi akasema, "Dada Editha, nataka taji la maua ya kahawa, kama alivyowatengenezea wenzangu wote Mama." Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba hilo halina hata haja ya kusemwa. Nikaenda kwenye kabati nimuonyeshe la mfano.

Ma Domi, la mfano tulikuwa tumekuzika nalo.

Nilisimama mbele ya kabati tupu na mkono wangu hewani. Ulinifundisha waridi, ulinifundisha yungiyungi, ulinifundisha ua la mlangilangi ambalo hakuna bibi harusi wa huku aliyewahi kuliomba. Kahawa ulikuwa unaiweka mwisho. "Ukishaacha pupa," ndivyo ulivyokuwa unasema. Mwaka jana ukaanza kunionyesha, mimi nimekaa upande ule wa meza, wewe upande huu, na kabla hujamaliza presha ikakulaza. Pale hospitali ulinishika kidole, si mkono, kidole tu, ukasema, "Kemi utamvika wewe." Nami nikasema ndiyo. Nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu siku ile, lakini hiyo nilimaanisha.

Nikamweleza Kemi ukweli. Alicheka mpaka akalala kwenye meza, halafu kicheko kikageuka, akalia. Akasema, "Mama aliwavika mabinti wa watu wote. Mimi niende kichwa kitupu?" Mashangazi wa bwana harusi walikuwa tayari wana maua yao ya plastiki, makubwa kama sahani, ya rangi ya waridi iliyokolea. Kemi akasema hayo hayavai. Kama si ya kahawa kama ya mkono wako, atavaa shela peke yake, na watu wote watajua kwa nini.

Basi nikaanza kutafuta njia. Ua lenyewe ningelipata wapi? Kilikuwa kiangazi, kahawa haikuwa na ua hata moja, ilikuwa na matunda tu. Na hata lingekuwepo, wewe unajua, huku mtu akichuma ua la kahawa ni sawa na kuchuma kahawa yenyewe mfukoni mwa mwenye shamba. Ndiyo maana ulianza kuyatengeneza ya kitambaa, ili mabinti wa wakulima wavae maua ya mashamba ya baba zao bila kugombana na baba zao. Nilitafuta kwenye simu picha za harusi za zamani. Maharusi wote wanaonekana meno. Maua yako yako juu kule, ukungu mtupu.

Nikatengeneza kwa kukisia. Nikakata satini nyeupe vipande vyembamba, nikapitisha kingo kwenye moto wa mshumaa zijikunje, nikafunga kwa waya. Waya ni ule ule wetu, wa shaba iliyochovywa kwenye bati na yule fundi redio wa Nyakatuntu, ule ulioupachika jina la fedha ya maskini. Bado anatuchovyea, na bado anasema bati ya Kyerwa haina mpinzani. Nikamaliza moja, nikaona zuri. Nikampelekea Fidelis aliyekuwa anaanua kahawa. Akalishika, akaligeuza, akasema, "Hii asumini nzuri. Umeipata wapi?"

Nikatengeneza jingine. Asumini. Jingine tena. Akasema hilo linafanana na ua la limau. Nilikasirika nikamwambia macho yake yameingia vumbi la kahawa, naye akaniambia ameamka na kahawa tangu ananyonya, nimuulize mambo mengine. Nilirudi chumbani nikabamiza mlango. Nikakulaumu wewe kwa sauti. Nilisema, Ma Domi, ungesubiri kidogo tu.

Ndipo nikamkumbuka Ma Joviana, rafiki yako wa utotoni aliyeolewa Mabira. Yeye ndiye bibi harusi wa kwanza uliyemvika ua la kahawa. Nikapanda bodaboda asubuhi, vumbi likanipaka rangi ya tofali, nikafika kwake anamenya ndizi. Alinipokea vizuri sana mpaka nilipotaja ua. Akaniambia ninaweza kuliona, ninaweza kulishika, lakini nikitaka kulifungua nianze kwanza kumfungua yeye mbavu. Akalileta limeviringishwa kwenye kanga, akakaa mbele yangu na kisu chake cha ndizi mkononi. Sikuthubutu kuvuta hata uzi.

Lilikuwa la njano kidogo kwa umri, lakini, Mungu wangu, lilikuwa kahawa. Nikatoa kitambaa nilichokuja nacho, nikakunja langu pembeni ya lako. Hapo nikaona kwanza kwamba hukukata petali moja moja. Ulichukua utepe mmoja, ukaukata ncha tu, ukauviringisha ili chini ubaki umeshikana kama shingo ya ua lenyewe. Nikafanya hivyo. Bado langu likaonekana geni. Nikaliweka sambamba na lako, nikalitazama mpaka macho yakaniwasha. Lako lilijisokota kidogo kuelekea upande mmoja. Langu lilijisokota upande mwingine.

Ma Joviana akaacha kumenya. Akasema, "Lakini si Domi alikuwa wa kushoto? Hata chumvi alinipa kwa kushoto, mama akamfukuza jikoni kwetu."

Nilijua wewe ni wa kushoto! Nimekuona miaka yote ukishika mkasi vile, ukishika kijiko vile, nami sikuwahi kuwaza lolote, kwa sababu waridi halijali linageukia wapi. Kahawa inajali. Ulikuwa umekaa mbele yangu mezani, mkono wako wa kushoto ukiwa upande wa mkono wangu wa kulia, nami nikakuiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kila ulichofanya nilikijifunza kinyume. Nilicheka pale kwa Ma Joviana hadi kuku wakatawanyika. Na nililia kidogo pia, nisikufiche. Ilikuwa kama umeniita kutoka chumba cha pili.

Kazi ikaanza upya, kwa mkono wa kushoto. Ma Domi, mkono huu haujui kitu! Nilijichoma kwa mshumaa, nikajitoboa kwa sindano, nikatupa satini nyingi nikijificha Kemi asione. Nilijizoeza hata kula kwa kushoto nikiwa peke yangu, Mungu na Ma Joviana wanisamehe. Maua ya kwanza yalikuwa kama yamekanyagwa na ng'ombe. Kisha siku moja utepe ukaenda wenyewe. Ukazunguka, ukakaa, nikaufunga, nikauweka mezani, na nikaogopa kuugusa tena. Sikumpelekea Fidelis. Nilikuwa nimechoka kuambiwa asumini.

Kile kijiwe chekundu unachoweka kimoja tu katikati ya maua, kama tunda la kwanza kuiva, sikuwa nacho. Shanga za plastiki nilikataa, ungenitokea usingizini. Kemi akavua hereni zako alizokuwa amevaa tangu msiba, akanipa moja. Kito kile cha rangi ya damu ya mzee, unakikumbuka. Nikakitoa kwenye hereni kwa koleo yako ndogo, nikakizungushia waya, na kikakaa kana kwamba ndiyo nyumba yake tangu mwanzo.

Halafu mvua ikatushangaza. Ilikuja mapema, ikapiga usiku kucha juma moja kabla ya harusi, na baada ya siku chache Kanoni yote ikawa nyeupe. Kahawa ilichanua mpaka kwenye vitawi vya chini, harufu ikaingia ndani hadi kwenye chai. Watu wakafurahi. Mimi nikafunga dirisha. Sasa maua yangu yangewekwa pembeni ya yale ya kweli, mbele ya wakulima wa kahawa wenyewe.

Asubuhi ya harusi nilimvika Kemi kwenye kiti chako. Taji likakaa juu ya shela, nikalisogeza upande kidogo. Akajitazama kwenye kioo. Akasimama, akatoka, na njia ya kwenda kwenye gari inapita katikati ya kibanja, unajua, kwenye ile mibuni ya karibu na nyumba. Fidelis alikuwa amesimama pale na suti yake ya kijivu, tayari ameshalamba rubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo ya kujipa moyo. Akamwona Kemi akitokea kwenye kahawa na maua kichwani.

Akapiga kelele, "Waitu! Nani kachuma kahawa yangu? Nani? Hata siku ya harusi mnanivunia kahawa ikiwa ua?"

Alikuwa amekasirika kwelikweli, Ma Domi. Mishipa ya shingo ilisimama. Alikimbilia mbuni wa karibu akaanza kukagua matawi, aone limevunjwa lipi, na wageni wa Mabira wakaacha kuimba. Kemi akamwendea taratibu, akainamisha kichwa. Fidelis akanyoosha kidole, akagusa. Akagusa tena. Akatazama mbuni, akatazama taji, akarudi kwenye mbuni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaniangalia mimi, akasema, "Limekosa harufu tu." Hapo watu wote wakapasuka. Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia hata Pasaka.

Ibada ilikwenda vizuri, chakula kilitosha, na maua ya plastiki ya mashangazi yalipata kazi kwenye gari. Kule Mabira, jioni, mama mkwe alimkalisha Kemi kwenye mkeka karibu yake. Ni mama mpole, wazazi wake walitoka Burundi, anaongea kidogo na kutazama sana. Alilitazama lile taji, akakigusa kile kijiwe kwa ukucha, akauliza, "Mwanangu, nani amekutengenezea hili?"

Mimi nilikuwa nyuma yao hatua chache, nimejiweka sawa kabisa. Unanijua ninavyopenda kusifiwa. Nilikuwa hata nimefuta jasho, nimeandaa tabasamu la unyenyekevu.

Kemi akasema, "Mama."

Akalisema bila kusita, kama mtu anayetaja jina lake. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa na kusema huyo mama ana mkono. Ana, alisema, si alikuwa na. Nami nikafunga mdomo wangu, Ma Domi, mimi huyu, nikageuka nikaenda kuchota ndizi nyingine, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka.

Pumzika, mwalimu wangu. Lala salama na gauni lako la zambarau. Kemi nimemvika, kama nilivyokuahidi. Na sasa nakuahidi jingine: taji la Kemi lilikuwa lako, nimekuachia. Mwezi ujao kuna binti wa Nyakatuntu anaolewa, tayari ameleta satini. Hilo likiulizwa ni la nani, nitajibu mimi, kwa sauti kubwa, kabla bibi harusi hajafungua mdomo.

Wako,
Editha