Ngumi Tatu Juu ya Tangi

Jumanne, 5 Mei

Somo la paani limekwenda vizuri. Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, alinishika kiwiko ngazi zote huku akilalamikia magoti yake. Kumbe yaliyokuwa yakilia ni yangu. Kinyozi wa chini alikuja na swali lake la wiki: kama dunia inazunguka kwa kasi hiyo, mbona mteja wake hapati kizunguzungu kitini? Nikamwambia kiti, wembe na kichwa vinasafiri pamoja. Siku wembe ukibaki nyuma, mteja atamjulisha. Wakacheka.

Sasa la kwangu mimi na karatasi. Sioni nyota. Hata moja. Mwaka wa pili huu. Mchana naona sura ya mtu akinikaribia, naona herufi hizi nikiziandika kubwa kama za ubaoni. Giza likiingia, mbingu ni sufuria iliyofunikwa. Sijamwambia mtu.

Wala sihitaji kuona. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Kiti changu kimeegemea ukuta, kinaelekea magharibi, tangi la maji liko mbele yangu. Nanyoosha mkono, nakunja ngumi: ngumi moja ni nyuzi kumi za anga, karibu kwa mkono wa mtu yeyote. Saa naijua, mwezi naujua. Nahesabu ngumi kutoka tangini, naelekeza kidole — nyota ipo. Nyota haina hiana. Mwezi huu, saa hii, utaikuta pale pale ulipoiacha mwaka jana.

Leo nimewaonyesha Mshtarii, ngumi tatu juu ya tangi. Wote wakasema naam, inang'aa kweli.

Jumatano, 6 Mei

Nimeamka na aibu. Mshtarii si nyota!

Ngumi tatu ilikuwa mwaka jana. Sayari ile inalizunguka Jua kwa miaka kama kumi na miwili, kwa hiyo kila mwaka inasogea sehemu moja ya kumi na mbili ya duara. Nyuzi thelathini. Ngumi tatu nyingine. Jana ilikuwa ngumi sita, karibu kabisa na utosi wetu, nami nikawaonyesha giza tupu. Mimi! Niliyewauliza watoto wa watu swali hilo kila mtihani: nyota hukaa na wenzake, sayari hutangatanga.

Na wote walisema naam.

Sindano alipoleta chai nikamuuliza, jana uliona nini pale nilipoelekeza? Akakata uzi kwa meno kwanza. Akasema aliona kidole changu, na kidole kilikuwa kizuri.

Kwa hiyo wanajua. Tumekunywa chai.

Ijumaa, 8 Mei

Binti yangu amefika. Mfamasia, mji wa mbali, viatu vya haraka. Daktari amemwambia kwa simu yale aliyoniambia mimi uso kwa uso: moyo umechoka, ni miezi, si miaka. Sina ubishi. Hata Jua lina mwisho wa kuni zake, sembuse mimi.

Ninachotaka ni kimoja: nifie humu, na watu wangu wa paani. Yeye anataka nikakae kwake, ghorofa ya chini, chumba ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta. Anasema kwake angalau hakuna ngazi. Nikamwambia na anga je? Akasema, Mama, usinianze.

Tumepatana hivi. Kesho jioni atakuja paani. Akiona bado najimudu, nabaki, Sindano aendelee kunitazama. Akiona nimeshindwa, Jumapili naondoka naye.

Akauliza, na macho? Nikasema macho hayana neno.

Jumamosi, 9 Mei, asubuhi

Nimepiga hesabu zote, safari hii sayari kwanza. Mshtarii sita. Najihisi kama mwanafunzi aliyeupata mtihani kabla ya siku yake. Jua limejaa dirishani. Mchana nitalala ili nisiheme ngazini.

Jumapili, 10 Mei

Jana nilifundisha kama sijapata kufundisha. Niliwaambia Jua ni nyota ya kawaida tu. Linatutawala kwa sababu ni jirani, kama mtu wa chumba cha pili mwenye redio. Si kwamba sauti yake inazishinda zote. Mwanga wake unatufikia kwa dakika nane. Wa nyota iliyo jirani na Jua unasafiri zaidi ya miaka minne. Nikasema mnachokiona juu ni habari za zamani. Kisha kidole: Mshtarii, ngumi sita. Kinyozi akaitikia naam, Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikadhani ni heshima.

Binti yangu alingoja tushuke. Alisema chumbani, akinivua viatu.

"Mama, kulifunga mawingu tangu Jua halijazama. Hapakuwa na nyota hata moja."

"Zilikuwepo," nikamwambia. "Mawingu ndiyo yalikuwa mbele."

Akakaa sakafuni na kiatu mkononi. Akacheka, au alilia, taa ilikuwa nyuma yake.

"Na wale wote wanaitikia. Yule kinyozi hakutazama hata juu. Alikuwa anakutazama wewe."

Nikampa mguu wa pili.

"Tangu lini, Mama?"

Nikasema nimechoka. Hilo lilikuwa kweli.

Asubuhi hii nawasikia sebuleni. Sindano anasema atahamishia cherehani humu, mteja akitaka gauni atapanda. Kinyozi anasema watapeana zamu. Binti yangu akauliza, zamu ya kumdanganya? Kisha kinyozi akasema, dada, sisi hatumdanganyi, sisi tunakwenda shule.

Hapo nikatamani kuinuka nikampe alama zote.

Sasa wameshuka. Binti yangu ameingia, akauliza tena, taratibu, bila ukali: tangu lini? Nimemwambia asubiri nimalize mstari, kisha nitamwambia kweli — mwaka wa pili, na niliogopa ukuta wa dirisha lake kuliko nilivyoogopa kuanguka ngazini. Akasema haya, maliza.

Sanduku langu la safari liko wazi kitandani, upande wa pili wa chumba. Amesimama kando yake na nguo zangu mikononi. Ameinama. Kutoka hapa sioni kama anaweka au anatoa.