Kiwiko Ulichoniambia Kimepona

Mwanangu wa ubatizo, Byamungu,

Nakusalimu, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Nilikuendea kwanza peke yangu kwa simu, kama Injili inavyotufundisha, ukanijibu kwa kicheko. Nikakuendea tena nikiwa na Mzee Bahati, msimamizi wa ligi yetu, ukatujibu kwa mahubiri. Njia ya tatu ni kulisema jambo mbele ya ndugu wote. Kwa hiyo barua hii wataisoma wote wanane tunaocheza pamoja, waliobaki hapa Durban na waliohamia Amerika kama wewe.

Wapo watakaoshangaa kwamba mtu wa umri wangu amekasirika kwa ajili ya besiboli. Basi nikukumbushe, nao wasikie, jinsi besiboli ilivyoingia nyumbani kwangu.

Ulikuja kutoka Amerika kumzika mke wangu, aliyekuwa mama yako wa ubatizo. Wageni walipoondoka, wewe ulibaki wiki mbili katika ghorofa yangu ya hapa South Beach, kwa sababu uliona nimeacha kula na nimeacha kusema. Asubuhi moja ulichukua mpini wa ufagio, ukaviringisha soksi zangu zikawa mpira, ukanitoa mpaka kwenye ujia mrefu mbele ya milango ya majirani. Ukaniambia, "Papa, simama hapa. Mimi narusha, wewe unapiga." Nikapiga. Soksi zikampata kifuani yule gogo, bibi Mzulu wa mlango wa tatu, aliyekuwa akitoka na ndoo yake. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Eish, mkhulu," akaniambia, yaani babu, "hata wewe?"

Hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi. Wewe ndiwe uliyenipa, na sijasahau.

Kabla hujapanda ndege ulitufundisha mchezo wenyewe: kila mmoja achague katika simu yake wachezaji wa kweli wa huko Amerika, aunde timu ya kubuni, na wanachokifanya uwanjani kimpe alama. Nilikubali kwa masharti mawili. Fedha isiingie. Na anayetaka kubadilishana mchezaji na mwenzake aanze kwa kutaja aibu ya yule anayemtoa, kwa sauti, mwenzake akisikia. Baadaye ndipo amsifu, kisha tuombe. Mlinicheka, mkasema hakuna ligi duniani inayoendeshwa hivyo. Lakini mlikubali, na kwa misimu miwili Mzee Bahati alitangaza aibu za wachezaji wake kwa uaminifu mkubwa hata hakupata mtu wa kubadilishana naye.

Msimu huu, Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, ulinipigia. Ulimtaka mpigaji wangu kijana, yule ninayempenda kwa sababu huinamisha kichwa kabla ya kushika gongo. Badala yake ungenipa mrushaji wako mrefu wa mkono wa kushoto, nyota ambaye sisi sote tulimtamani tangu msimu wa kwanza. Jina lake silitaji hapa, maana hana kosa. Nikakuambia utaje aibu yake.

"Papa, haina aibu," ukasema. "Mukono yake ilikuwa inamuuma, lakini sasa iko muzima kabisa. Bwana ametenda."

Sikutafuta habari zake popote. Ningetafuta kwa nini? Nilikuzamisha majini kwa mikono yangu miwili, hapa hapa ufukweni mbele ya majengo haya, nikakutoa mtu mpya. Niliomba, nikasema amina, nikakupa kijana wangu.

Jumanne habari ikaenea kwamba kiwiko cha yule mrushaji kimechanika, kwamba atapasuliwa, na kwamba msimu wake umekwisha. Unakumbuka nilifanya nini? Nilikupigia ili nikufariji. Nilikuambia usijilaumu, kwa kuwa hukujua. Nawe ukasema, "Asante, Papa." Maneno hayo mawili yananichoma kuliko uongo wenyewe.

Siku nne baadaye mkeo Espérance alinipigia kunijulia hali, kama ilivyo desturi yake. Akaniuliza, bila hila yoyote, kama yule mrushaji amepata nafuu, kwa sababu wiki moja kabla hatujabadilishana ulisimama katika ibada ya Alhamisi ukaomba kanisa zima limwombee kiwiko chake, ambacho fununu za huko zilisema kimechanika. "Alilia, Papa," akasema huku akicheka, "alilia juu ya kiwiko ya mutu hata hamujui." Mkeo hana hatia. Usithubutu kumpandishia sauti kwa jambo hili.

Ulijua, basi. Nilipokuuliza ukanijibu kwamba ulitamka kwa imani, na kwamba mimi mwenyewe niliwafundisha kutamka uponyaji kabla hatujauona. Ni kweli niliwafundisha. Niliwafundisha kumwambia Mungu mnachokingoja. Sikuwafundisha kumwambia jirani ili mchukue kilicho chake. Nami nilikuuliza swali moja, nalirudia sasa mbele ya ndugu: kama uliamini kweli kwamba amepona, kwa nini hukubaki naye? Ukasema mtandao unakatika.

Ndugu hawajui bado kilichoko mezani kwangu. Mchungaji wako ameniandikia. Kanisa lenu linataka kukuweka kuwa mzee, na anataka ushuhuda wa aliyekubatiza. Nimekwisha kuandika kwamba ulipokuwa na chumba kimoja hapa Durban, mtaa wa Point, uliwalaza wageni waliofika bila pa kulala, nawe ukalala sakafuni. Nimeandika kwamba lifti ilipoharibika ulimbeba mke wangu mgongoni ghorofa nane ili afike kwa daktari. Kila nilichoandika ni kweli. Limebaki swali la mwisho: je, neno la mtu huyu linategemewa?

Wiki ya tatu sasa karatasi hiyo iko ndani ya Biblia yangu, na mstari huo ni mtupu. Nikiandika ndiyo, nitakuwa nimemkabidhi mchungaji wako mkono uliochanika huku nikimwambia ni mzima. Sitafanya hivyo, hata kwa ajili yako, ambaye nilikupenda kama mtoto aliyetoka katika nyumba yangu.

Mpigaji wangu kaa naye. Simtaki. Ninachotaka ni kwamba Jumamosi, tutakapokutana wote kwenye simu, usimame katika desturi yetu na utaje aibu. Mara hii usitaje ya mchezaji, taja yako. Ukiitaja, nitaandika ndiyo kabla simu haijakatwa. Usipoitaja, Jumatatu nitaandika ninachokijua.

Mzee Bahati ananishauri nimwondoe yule mrushaji, maana anakalia nafasi bure. Nimekataa. Nilimwona akisimama mbele ya waandishi wa habari, mkono umefungwa shingoni, akisema kwa kinywa chake kwamba ameumia na hawezi kurusha. Mtu anayesema hivyo ana nafasi kwangu mpaka atakapopona. Yako nayo bado iko wazi.

Baki katika ulinzi wake Yeye asiyedanganyika,

Papa yako wa ubatizo,
Durban