Sanduku la Chilangala Lililokwenda kwa Miguu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Newala, Jumatatu tarehe 18 Oktoba 1971, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Regina Nampunju (Mama Arthur)
Umri: Miaka 38
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wa korosho
Makazi: Chilangala, Wilaya ya Newala
Dini: Mkristo

Nimeambiwa kwamba Ndugu Adolf Likwata ameleta malalamiko kuwa Jumamosi iliyopita kundi la watu waliiba sanduku la kura la Chilangala na kulifungua njiani. Msimamizi wa sanduku hilo nilikuwa mimi. Ninaeleza niliyoyaona na niliyoyatenda.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kumpata Msimamizi Mkuu wa Uchaguzi wa ushirika wetu wa wakulima wa Masasi na Newala. Huyo ndiye mwenye daftari la wapiga kura. Ndiye anayesimamia kura za viongozi katika kila kijiji, na asiyeandikwa na yeye hana sauti popote. Tangu ushirika uanze, mtu huyo aliteuliwa na kamati. Mwaka huu mkutano mkuu uliamua achaguliwe na wanachama wote, na mshindi awaandike wajane ambao hawakuandikwa mahali pa waume zao waliokufa.

Wagombea walikuwa wawili. Ndugu Adolf, aliyeshika kazi hiyo miaka tisa, alipewa alama ya shoka. Mama Julia Nandonde wa Chiungutwa, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo, alipewa alama ya kinu.

Mimi ni mmoja wa wajane hao. Mume wangu, Isaka, alikanyaga bomu lililofukiwa ardhini karibu na Ruvuma mwaka 1969, alipokwenda kuwapokea wakimbizi wanaovuka kutoka Msumbiji. Tulimzika Alhamisi. Msimu uliofuata nilikuta jina lake limepigwa mstari kwenye daftari na langu halikuandikwa mahali pake. Nilimwuliza Ndugu Adolf. Alinijibu, "Mama, mwanachama amekufa."

Mnamo tarehe 16 Oktoba, saa moja kamili asubuhi, nilifungua kituo katika darasa la tatu. Niliwaonyesha watu sanduku likiwa tupu, nikalifunga kwa kufuli na lakiri. Walipiga kura watu 326. Upande wa Masasi, pamoja na Lukuledi na Chiungutwa, walikuwa wamepiga Ijumaa. Saa tano kamili nilifunga kituo.

Saa tano na robo lilifika lori. Aliteremka Ndugu Cyril Mkuti, msaidizi wa Ndugu Adolf ofisini. Aliniamkia vizuri.

"Shikamoo, Mama Arthur."

"Marahaba."

Alisema uchaguzi wa Chilangala umefutwa kwa sababu ndege za Wareno zimeonekana mtoni, na watu wasikusanyike. Alitaka nimpe sanduku alipeleke mwenyewe Newala kwa lori. Alinipa barua yenye mhuri wa ofisi.

Watu waliosikia habari ya ndege walianza kuondoka. Mama mmoja alikwisha kufunga mtoto mgongoni. Siku hiyo mimi sikusikia ndege yoyote. Lakini mtu wa huku akiambiwa Wareno, haulizi mara mbili.

Niliisoma barua. Ilikuwa na saini ya Adolf Likwata. Kanuni tulizosomewa zinasema anayegombea anakabidhi mamlaka yake kwa Afisa Ushirika wa Wilaya siku kumi na nne kabla ya kura. Nilimwambia, "Ndugu Cyril, barua hii imesainiwa na mgombea."

Akasema, "Mama Arthur, wewe hasa unajua vita ni kitu gani. Usiwaletee wenzako kifo."

Ninaomba iandikwe kwamba alisema hivyo. Niliweka mikono yote miwili juu ya sanduku.

Nilimjibu kuwa sanduku halipandi lori. Alicheka, akasema kituo ambacho sanduku lake litafika Newala baada ya saa tisa alasiri kura zake hazihesabiwi, na gari jingine hakuna. Hilo lilikuwa kweli.

Ndipo Ndugu Bartholomayo Chitanda, fundi baiskeli, akasema, "Kwani Newala imehama? Tutakwenda kwa miguu." Alileta baiskeli yake, tukalifunga sanduku kwenye keria kwa mpira wa tairi. Niliwatangazia watu kwamba anayeogopa abaki nyumbani na asione haya. Waliokuwa wameondoka walirudi. Tuliondoka saa tano na dakika arobaini, watu kama mia mbili.

Baiskeli haikupandwa na mtu, ilisukumwa. Mimi nilishika sanduku kwa mkono wa kulia njia nzima. Kina mama walibeba maji vichwani, maji yale yale waliyoyapandisha alfajiri kutoka bondeni, na kila mtu alipata funda moja. Lori lilitufuata nyuma likipiga honi. Hakuna aliyepisha.

Tulifika kwenye ghala la ushirika Newala saa tisa kasorobo. Afisa Ushirika, Bwana Ambakisye, alikagua kufuli na lakiri mbele ya wagombea wote wawili. Alimwuliza Ndugu Adolf, "Unaona kasoro?" Ndugu Adolf alisema haoni. Alisaini.

Ubaoni shoka lilikuwa na kura 4,118 na kinu 4,007. Lilibaki sanduku letu tu. Bwana Ambakisye alisoma karatasi moja moja kwa sauti. Kinu, kinu, shoka, kinu. Kilipofika kinu cha mia moja na hamsini, watu wa nje walianza kuitikia pamoja naye, na hakuwakataza. Chilangala ilitoa kinu 291 na shoka 35. Jumla ikawa kinu 4,298, shoka 4,153.

Vigelegele vilivyopigwa sijapata kuvisikia tangu siku ya Uhuru. Ndugu Bartholomayo alikaa chini akalia, naye ni mtu mzima. Mama Julia hakucheza ngoma. Aliomba daftari palepale, akaniita: "Mama Arthur, sema jina lako mwenyewe, siyo la marehemu." Nikalisema. Akaliandika kwa wino.

Swali: Je, sanduku lilitoka machoni pako wakati wowote njiani?
Jibu: Hapana.

Swali: Nani mwingine anaweza kuthibitisha hayo?
Jibu: Wote tuliotembea nao.

Swali: Tutawapata wapi?
Jibu: Wako nje, afande. Wamekuja nami kwa miguu tangu alfajiri.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeyakuta ni yangu na ni ya kweli, wala sikushurutishwa na mtu.

(Sahihi) Regina Nampunju

Maelezo ya afisa: Shahidi amesaini mbele yangu saa tano na dakika kumi. Nimepokea kutoka kwake barua aliyopewa na Cyril Mkuti, na nimeiweka kama kielelezo. Nimetoka nje hadi barazani na kuhesabu watu 183 waliokaa kwa mstari wakisubiri kuandikisha maelezo. Nimewashauri wachague wawakilishi watano. Wamekataa, wanasema kila mmoja ana lake. Mlalamikaji, aliyekuwa akisubiri chumba cha pili, amewaona dirishani na ameomba kuondoa malalamiko. Nimemwambia faili limekwisha funguliwa, na sasa atahojiwa yeye kuhusu barua hiyo. Ninaomba ofisi ya wilaya iniletee karatasi zaidi.

(Sahihi) Sajini Pancras Komba