Sauti ya Maji Isikulaze

Fereej Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa mchana

Mama Nafula wangu,

Hujambo, mke wangu? Nafula hajambo? Kile kikohozi kimemwachilia? Na lile jino la juu limeshatokeza ama bado linakunyima usingizi? Baba mkwe goti lake linasemaje siku hizi za mvua? Mimi mwilini ni mzima, nakula, kazini naenda, na jua la huku limeanza tena kuuma. Ni moyoni ndiko hakuna uzima, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu nikaacha simu.

Simu hainifai kwa neno hili. Nikianza kukwambia unacheka, na mimi nikikusikia ukicheka najikaza kiume, nageuza maneno, naanza kuuliza bei ya mahindi. Kwa hiyo nimeandika. Barua hii ataibeba Wekesa, dereva wa chumba cha pili, anakuja likizo kwao Webuye. Atakupa mkononi kabla shule unayofundisha haijafungwa. Isome mara mbili. Mara ya kwanza cheka ukitaka.

Naogopa, Mama Nafula. Haya, nimesema.

Uliponiambia kwamba likizo hii ya Aprili unampeleka Nafula kwetu Turkana, mama yangu amwone mjukuu wake, nilifurahi mpaka nikawanunulia chumba kizima chai ya karaki. Niliimba. Kisha nikapanda kitandani, na hapo ndipo hofu ilipoingia, na haijatoka. Siogopi nyoka wala ng'e, na hata wale wenye bunduki wa njiani nimewaachia Mungu. Naogopa laga.

Ngoja nikusimulie kilichonipata wiki iliyopita. Nilitoka lindoni Al Sadd asubuhi, nikala mkate, nikalala. Kitanda cha chini yangu analala Lokiru, yule Mganda niliyekutajia, mtu wa Kaabong kule Karamoja. Babu zake na babu zangu waliibiana ng'ombe maisha yao yote. Sisi tunaibiana sabuni. Siku hiyo maji ya jengo yalikuwa yamekatika, basi mchana likaja lori la maji kujaza tangi lililo chini ya ngazi, ukutani mwetu kabisa. Mimi lori sikuliona. Nilisikia maji tu, katikati ya usingizi, yakinguruma.

Nilipozinduka nilikuwa ghorofa ya tatu, pekupeku, na kaptura tu mwilini. Nilikuwa nimemshika Lokiru mkono, namburuta kwenye ngazi, napiga mayowe kwa lugha yetu: "Ngakipi! Ngakipi!" Maji! Maji! Wanepali wakafungua milango. Mama mmoja wa Kifilipino akamkumbatia mwanawe akajifungia ndani.

"Wee Ekai!" Lokiru anahema. "Ni lori la maji hilo! Unanipeleka wapi?"

"Juu," nikamwambia. "Panda juu!"

Sasa jengo zima wananiita Nuhu. Hata yule mzee Mmisri anayekusanya kodi, akiniona anauliza safina imefika wapi. Mimi nacheka nao. Lakini Lokiru aliacha kucheka mapema kuliko wenzake, kwa sababu aliona nimekataa kushuka ngazi mpaka lori lile lilipoondoka.

Wewe umezaliwa kando ya Nzoia, hujui laga ni nini, na kosa si lako. Laga ni mto usio na maji. Ni njia pana ya mchanga inayokata nchi yetu, kavu karibu mwaka mzima, na maisha yetu yote yako humo. Visima tunachimba humo humo, mtu anaingia mpaka kichwa hakionekani, anajaza karai, akina mama wanapokezana mpaka juu. Mbuzi wananyweshwa humo. Mikoma inaota kando yake, na majani ya mikoma ndiyo nyumba zetu. Ukitoka lagani hapo ni mawe meusi na miiba ya mathenge mpaka macho yako yachoke, na vilima vimesimama kimoja kimoja, mbalimbali, hakuna kinachojuana na mwenzake.

Upande wa magharibi ardhi inapanda kama ukuta. Juu ya ukuta huo ni Uganda, ni kwao Lokiru. Mvua ikinyesha kwao haikai kwao. Inateremka, inaingia laga, inakuja kwetu, na kwetu jua linawaka na hakuna hata wingu la dawa. Mgeni atajuaje? Anatazama juu, anaona mbingu nyeupe, anatandika.

Najua watu watakupenda. Mama atakuomba tumbako kabla hajakuuliza habari za safari, basi ibebe, na majani ya chai na sukari pia. Wazee watamtemea Nafula mate kidogo kifuani. Usiruke, Mama Nafula, ni baraka hiyo. Utapewa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kunywa. Kuoga usiwe na haraka nako. Watakuimbia, watakushika nywele, watauliza kwa nini mtu wa kutoka Kenya ni mwembamba hivyo, maana kwetu mtu akitoka Kitale tunasema ametoka Kenya.

Shida yangu ni kwamba mama anakupenda hata kabla hajakuona. Mwezi wa Aprili nyumba ya makuti ndani ni tanuri. Mahali pazuri pa kulala ni mchanga wa laga, laini, baridi, hauna mwiba hata mmoja. Mgeni wa heshima hutandikiwa ngozi pale. Mama atakutandikia wewe na mtoto katikati kabisa, penye upepo, na yeye atalala miguuni penu. Na wewe nakujua, una adabu, hutakataa.

Utauliza, kwani yeye haogopi? Haogopi kwa sababu ana masikio. Sisi sote tunayo. Laga ikija, kwanza unasikia kama upepo kwenye mikoma, na hakuna upepo. Hapo hapo mtu yuko juu ukingoni, hajui alifikaje. Mtoto wa miaka miwili anaamka. Punda anaamka.

Nilikuwa bado nachunga mbuzi alipokuja kwa mjomba wangu daktari wa mifugo, mtu wa kutoka Kenya, mpole, mcheshi. Alidunga chanjo tangu asubuhi. Mjomba akamchinjia, na baada ya kula akamtandikia ngozi lagani, chini ya mkoma ulioinama. Tukalala sote, joto lilikuwa limetushinda. Mjomba ndiye aliyesikia kwanza. Alinyanyuka tu, na watu wote wakanyanyuka. Tulipofika ukingoni tukageuka, tukaona mgeni bado yuko chini. Na hakuwa amelala, Mama Nafula. Alikuwa ameamka, amekaa, anasikiliza, anatabasamu. Mjomba akampigia kelele. Yeye akatupungia mkono.

"Mto umerudi!" akasema, kwa furaha kabisa.

Halafu ukatokea kwenye kona, na haukuwa maji, ulikuwa ukuta wa matope na magogo. Sitaki kukuandikia tulimpata wapi.

Wazee wetu waliulizana jambo hilo miaka mingi. Mtu anasikiaje maji yanakuja na asikimbie? Mama mpaka leo anaamini yule bwana alikuwa na kichaa, Mungu amrehemu. Ndiyo maana atakutandikia na roho yake safi, kwa sababu wewe huna kichaa.

Mimi nilimwelewa yule daktari siku nilipolala kwenu mara ya kwanza. Unakumbuka? Mto unanguruma chini ya migomba, na wewe umelala fofofo. Mimi nilikaa kitandani na viatu mguuni mpaka jogoo akawika. Asubuhi ukaniuliza mbona macho mekundu, nikakwambia mbu. Ukanicheka. Ukasema, "Pole, baba, utazoea. Mimi bila kusikia mto silali kabisa."

Mwenyewe ulisema. Bila kusikia mto hulali.

Na juzi ukanitumia ile video. Nafula analia na lile jino lake, wewe unafungua mfereji juu ya karai, maji yanatiririka, mtoto ananyamaza, macho yanafumba, kichwa kinaanguka begani kwako. Ukaandika, "Huyu ni wa kwetu!" Wenzangu waliitazama wakasema ni mtoto mzuri, na kweli ni mzuri, hata hatujaonana na nampenda hivi. Lakini mimi nilizima simu, nikageukia ukutani.

Jumapili Lokiru aliongea na mama yake. Kwao mvua imeanza, inapiga kila siku, mtama utaota, ng'ombe watanenepa. Alicheza ngoma pale pale katikati ya vitanda, akatununulia soda. Yangu niliiweka chini bila kuifungua. Akanitazama, akaelewa, akakaa.

"Ndugu yangu," akasema, "mama akiniambia imenyesha, mimi nitakuambia saa hiyo hiyo. Wewe utapiga simu kwenu."

"Nitampigia nani? Mtandao kwetu uko juu ya kilima kimoja tu."

Alichukua chupa zile tupu akaenda kuzitupa.

Usidhani sijafikiria kukukataza. Nimeandika "usiende" kwenye karatasi nyingine na nimeichana. Mama amezeeka. Ameshatunga shanga za Nafula, mdogo wangu Lopeyok ameniambia kwamba anazivaa mwenyewe mkononi ili zisipotee. Nikikukataza atakufa na shanga zake mkononi, na nitakuwa nimemuua kwa woga wangu. Nenda. Ila fanya ninavyokwambia.

Njiani, gari likifika penye laga yenye maji, na dereva akasema ni ya magotini tu, shuka na mtoto wako. Kaa ukingoni. Abiria wakikucheka, waache. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nataka kicheko kije kwetu. Maji ya laga hayana adabu lakini hayakai, kesho utavuka kwa miguu. Ukifika nyumbani, ukishampa mama tumbako, mwite Lopeyok, yeye Kiswahili anakijua vizuri. Amwambie mama hivi: "Mke wa Ekai hana masikio ya laga." Ataona ni ajabu. Mwambie ni mimi nimesema, lawama nibebe mimi. Halafu ulale juu, ndani ya nyumba, hata kama utaamka umelowa jasho. Usilale lagani usiku, wala usisinzie mchana, hata ukiambiwa ni dakika kidogo tu.

Nisalimie baba mkwe, fundi wetu wa baiskeli, mwambie goti alipake yale mafuta niliyotuma na asiyapake kwenye mnyororo. Mama mkwe msalimie sana, na dada yako mshonaji, na yule shangazi wa kanisani anayeniombea kwa jina lisilo langu. Lokiru anakusalimu, anasema Nafula akikua ataletewa ndama kutoka Kaabong, na safari hii hataibwa.

Sasa lile la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikae na karatasi hii tangu tulipotoka kula. Najua nitakuambia ufanye na nitakuwa siko, na najua ndiwe utakayeketi na mtoto anayelia. Kuanzia siku utakapoisoma barua hii, Nafula asilale tena kwa sauti ya maji. Fungua mfereji kama kawaida. Macho yake yakianza kufumba, mnyanyue kwa nguvu, mpigie kelele, kimbia naye nje mpaka pale juu penye kanisa. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Ataogopa. Ataanza kulia kila akisikia maji, majirani watasema umerukwa na akili, na mama yako atakugombeza. Usiache. Najua nakunyang'anya kitu kizuri, kitu ulichopewa na mama yako na yeye akapewa na wake, na inaniuma kuandika hivi, haki ya Mungu inaniuma.

Wewe siwezi tena kukufundisha. Wewe ni wa Nzoia, mngurumo wote wa laga utaupitia usingizini. Lakini nakujua. Hakuna mto uliowahi kukuzuia kumsikia Nafula. Akianza tu kuvuta pumzi ya kulia, wewe tayari umekaa.

Kwa hiyo mfundishe kulia, Mama Nafula. Akilia yeye, utaamka wewe.

Ni mimi mumeo anayelala na viatu mguuni,
Ekai